Nuhu Mbogo: Mwanamfalme Aliyeacha Kiti, Ukabaki Msikiti

Wengi miongoni mwetu hapa Mwanza tuna jamaa ng'ambo ya ziwa, na mtu akirudi kutoka Kampala jambo la kwanza analolisimulia ni ule msikiti mkubwa wa Old Kampala. Atakueleza urefu wa mnara wake na zulia lake, na atakutajia jina la kiongozi wa Libya aliyetoa fedha. Ni nadra kumsikia akimtaja mtu aliyepanda kilima hicho hicho mwezi wa Mei mwaka 1892, akiwa ameacha madai yake ya ufalme, ili Waislamu wa Buganda wapate mahali pa kukaa. Mtu huyo ni Mwanamfalme Nuhu Kyabasinga Mbogo, na makala yetu ya leo ni juu yake.

Tuanze na kilima chenyewe. Wafalme wa Buganda walikuwa na desturi ya kufuga swala pala mahali hapo, na jina la Kampala limetokana na wanyama hao. Sisi wasemao Kiswahili tunaweza kutabasamu kidogo, kwani kwetu neno swala lina maana mbili, na kilima kile kimezipata zote mbili. Baina ya swala wa kwanza na swala ya leo palikuwa na ngome. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwasili Desemba 1890, akachagua kilima hicho, akajenga boma na kupandisha bendera. Msikiti umesimama palipokuwa boma hilo.

Wanaojua historia ya misikiti ya Afrika ya Kaskazini watakumbuka kwamba Msikiti Mkuu wa Kairouan, katika nchi ya Tunisia, nao ulianzia katika kambi ya askari. Uqba bin Nafi aliuasisi mwaka 670, jeshi lake lilipopiga kambi katika uwanda ule, na watawala waliokuja baadaye wakaujenga upya mara kadhaa. Msikiti tunaouona leo, wenye mnara mzito wa pembe nne na ukumbi uliojaa safu za nguzo za mawe zilizochukuliwa kutoka majengo ya kale ya Kirumi, kwa sehemu kubwa ni kazi ya karne ya tisa. Msikiti wa Old Kampala umechukua mengi kutoka huko, kwa fedha za Libya na kwa mikono ya mafundi wa Morocco waliochonga nakshi za dari na kuta. Lakini tofauti moja ni kubwa. Kairouan ulianzishwa na jemadari aliyeshinda. Kampala, habari inaanza na mtu aliyeshindwa vitani.

Mbogo, jina ambalo kwa Kiganda kama kwa Kiswahili ni nyati, alikuwa mwana wa Kabaka Suuna wa Pili. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa, ila Suuna alifariki mwaka 1856, kwa hiyo Mbogo alikuwa amekwisha kuzaliwa au yumo tumboni mwa mama yake wakati huo. Ni katika utawala wa baba yake, mwaka 1844, ndipo mfanyabiashara wa Kiarabu, Ahmed bin Ibrahim, alipofika katika ua wa Kabaka kwa njia ya Tabora na Karagwe, magharibi ya ziwa letu. Imepokewa kwamba siku moja Suuna alipoamuru watu wauawe kama ilivyokuwa ada, mgeni yule alisimama mbele yake na kumwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mungu yule yule aliyemuumba yeye mfalme, na si halali kuwamwaga damu bila ya haki. Kila mtu alidhani Ahmed naye atakatwa kichwa. Suuna badala yake akataka kusikia zaidi juu ya huyo Mungu. Hivyo ndivyo Uislamu ulivyoingia Buganda, kwa neno la mfanyabiashara asiyekuwa na jeshi.

Mutesa, kaka yake Mbogo, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alikwenda mbali zaidi. Alijifunza Kiarabu na Kiswahili, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, akaamuru misikiti ijengwe kwa miti na matete kama zilivyojengwa nyumba zote za nchi ile. Hata hivyo hakukubali kutahiriwa, kwani mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika, na bado alitaka kuwasalisha watu. Wageni Waislamu kutoka Misri na Sudan walipofika katika miaka ya 1870 walionyesha kwamba msikiti wa mfalme haukuelekea kibla sawasawa, na kwamba haifai kusali nyuma ya imamu wa namna ile wala kula nyama ya wachinjaji wake. Vijana wa ua wa mfalme waliposhika maneno hayo, Mutesa aliona ni uasi. Mwaka 1876 vijana hao waliuawa, na wengi wao, wanaotajwa kuwa 70 au zaidi, walichomwa moto Namugongo. Watu wengi wanajua Namugongo kwa ajili ya Wakristo waliouawa huko miaka kumi baadaye. Na wapo Waislamu wasiojua kwamba vijana wetu walitangulia.

Basi Mbogo alikulia katika nyumba ambamo dini ilipendwa na kuogopwa kwa wakati mmoja.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Mwanga, naye akavuka ziwa kwa mtumbwi hadi huku kwetu, Magu, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, kisha akahamia kwa mapadri wa Bukumbi. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini, na baada ya muda mfupi wakamtawaza Kalema, aliyetahiriwa na kuitwa Rashid. Kwa mwaka mmoja hivi Buganda ilikuwa na Kabaka Mwislamu. Historia haifichwi, na sisi hatutaificha: katika utawala huo Kalema aliwaua ndugu zake wengi, wana na mabinti wa kifalme, kwa kuhofia kiti chake. Mbogo alikuwa miongoni mwa wachache waliobakia hai.

Mwanga alirudi na jeshi la Wakristo, vita vikapiganwa kwa zamu, na mwanzoni mwa mwaka 1890 Waislamu walisukumwa hadi mpaka wa Bunyoro. Huko Kalema akafa kwa ndui. Wakamtazama Mbogo, ami yake, wakamfanya kuwa kiongozi na mfalme wao. Hakuupata ufalme huo katika ikulu. Aliupata porini, juu ya watu waliochoka, wenye wake na watoto, wanaoishi kwa hisani ya Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mei 1891 Lugard na Waganda Wakristo waliwafuata huko huko na kuwapiga vibaya.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Mwanzoni mwa mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wenyewe kwa wenyewe mjini Mengo, na nchi ikawa haina mwenyewe. Waislamu wa Mbogo bado walikuwa na bunduki, na Lugard aliwaogopa kuliko alivyopenda kukiri. Mtu mwingine angeiona hiyo kuwa ni fursa ya kurudi kwa upanga. Wapo waliomshauri hivyo, na hatuwezi kuwalaumu, kwani haki yao ilikuwa imechukuliwa kwa upanga. Lakini Mbogo alitazama idadi ya watu wake, akatazama mizinga ya Wazungu, akatazama miaka minne ya makaburi. Mazungumzo yakafunguliwa. Askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Selim Bey, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambalo Lugard alikuwa amelichukua, nao walikuwa Waislamu, na mkono wao ulisaidia kuleta maelewano. Masharti yalikuwa magumu: Mbogo aache madai ya ukabaka, aje mwenyewe kukaa Kampala chini ya macho ya boma, na watu wake wapewe wilaya tatu ndogo za kuishi.

Alikubali. Alikuja mwezi wa Mei, akakipanda kilima cha boma, akakutanishwa na Mwanga, mtoto wa kaka yake, ambaye kwa miaka minne walikuwa wakitafutana roho. Lugard aliyekuwapo aliandika kwamba wawili wale walikumbatiana na kushikana mikono kwa muda mrefu, wakiguna kwa furaha, wala hawakutaka kuachiana. Tunaamini furaha ile ilikuwa ya kweli. Damu ni damu, na mtu aliyezika ndugu wengi humfurahia hata yule aliyebakia upande wa adui.

Je, ilikuwa khiyana? Swali hili limeulizwa Uganda kwa zaidi ya miaka mia moja. Rai yetu ni kwamba kiongozi hupimwa kwa alichokihifadhi. Kalema alihifadhi kiti kwa kuua jamaa zake, akakipoteza ndani ya mwaka. Mbogo aliachia kiti, akahifadhi jamaa. Lakini hatusemi kwamba amani ile haikuwa na gharama, kwa sababu ilikuwa nayo, na ilidaiwa upesi. Mwaka 1893 Waislamu walidai kuongezewa ardhi, Selim Bey akapeleka ujumbe wa kuwatetea, na Waingereza wakahofia kwamba askari wa Kisudani watajiunga nao. Selim Bey alivuliwa cheo, akasafirishwa kuelekea pwani akiwa mgonjwa, na akafia njiani, Naivasha. Waislamu walinyang'anywa wilaya mbili wakabakiwa na Butambala peke yake, na wengi wakahama. Mbogo, ambaye hakuchukua silaha, alipelekwa uhamishoni Zanzibar, iliyokuwa chini ya Sultani Hamed bin Thuwaini. Alirudi mwaka 1895.

Mtihani wake mkubwa ulikuja miaka miwili baadaye. Julai 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, akakimbilia tena upande wetu wa ziwa, safari hii mikononi mwa Wajerumani waliomweka hapa Mwanza mpaka alipotoroka. Kabla vumbi halijatulia, askari wa Kisudani nao wakaasi na kulishika boma la Luba katika nchi ya Busoga. Hao walikuwa Waislamu wenye bunduki na uzoefu wa vita, na walichokikosa ni mfalme. Wakamtumia habari Mbogo kwamba wako tayari kumtawaza. Baada ya yote aliyotendewa, baada ya Zanzibar, mlango ukafunguliwa. Mbogo alikataa, na habari ile akaifikisha kwa Waingereza mwenyewe. Watu wake hawakuingia katika uasi ule, na ulipozimwa mwaka 1898 hawakuhesabiwa miongoni mwa waasi.

Malipo ya subira hiyo yakaonekana katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, nasi tunaomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Kabaka aligawiwa maili za mraba 350, machifu 1,000 wakapewa jumla ya maili 8,000, na jumuiya tatu za wamisionari zikapata maili 92. Mbogo, kwa ajili yake na wafuasi wake, alipewa maili 24, pamoja na pauni 250 kila mwaka kwa uhai wake, kwa sharti kwamba haki nyingine zote anazodai ameziachia serikali ya Malkia. Katika wilaya 20 za Buganda, moja tu, Butambala, ndiyo iliyokuwa na chifu Mwislamu. Mizani haikuwa sawa. Lakini zile maili 24 ziliandikwa katika waraka wa serikali kwa jina la Mwislamu, ardhi ya kumiliki na kurithisha.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaijua hali ilivyo katika miji yetu mingi ya kandokando ya ziwa. Mzee mwema hutoa kiwanja kwa mdomo, watu hujenga, husali miaka thelathini, kisha mzee hufariki na wajukuu huja na wakili. Msikiti wenye kuba na mnara huanguka kwa kukosa karatasi moja. Sheria za wakfu tunazisoma madrasa tukiwa vijana, halafu kwenye ofisi za ardhi hatuendi.

Mbogo aliweka makazi yake katika kilima cha Kibuli, ng'ambo ya bonde kutoka lile boma, akaishi huko kama baba wa Waislamu wa Uganda. Ugomvi ukipelekwa kwake alikuwa akiusuluhisha, na mgeni akifika alipokewa. Miaka yake ya mwisho haikuwa mitulivu. Wanazuoni walihitilafiana iwapo baada ya Sala ya Ijumaa watu wasali pia rakaa nne za Adhuhuri au waishie Ijumaa peke yake. Suala la kifiqhi ambalo wanafunzi wa madrasa hulijadili wakanywa kahawa likageuka makundi mawili yenye majina, Juma na Zukuli, kila moja na misikiti yake na viongozi wake. Jamaa iliyokuwa na wilaya moja tu ikagawana hata hicho kidogo. Heshima ya Mbogo ilizuia ufa usiwe pengo. Alipofariki mwezi wa Machi 1921, Mwenyezi Mungu amrehemu, pengo likaonekana, na lilichukua miaka mingi kuzibwa.

Aliacha mtoto wa kiume, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907 na ambaye kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Hapa tunaona gharama nyingine ya kushindwa vitani: shule nzuri zote zilikuwa za misheni. Kijana huyo alisoma katika shule ya Kikristo ya King's College, Budo, akatoka humo akiwa Mwislamu kama alivyoingia, na akiwa amekwisha kuelewa nini watoto wenzake wamekikosa. Maisha yake marefu, hadi mwaka 1991, aliyatumia kwa kulipa deni hilo. Katika ardhi ya urithi wa familia yake pale Kibuli alitoa ekari 80 kwa ajili ya Waislamu. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa na Prince Aly Khan mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951, jengo jeupe lenye kuba na minara juu kabisa ya kilima, linaloonekana kutoka pande nyingi za mji.

Tazama kile kilichojengwa katikati ya miaka hiyo kumi. Shule ya sekondari ya Kibuli ilianza mwaka 1945, wakati msikiti bado haujafunguliwa. Baadaye ikaja hospitali. Kwa hiyo aliyekwenda Kibuli hakwenda kwa ajili ya Ijumaa tu. Alimpeleka mtoto kusoma, alimpeleka mgonjwa, alipeleka ugomvi wa mirathi, na alipotaka kujua mwezi umeandama au la, aliuliza Kibuli wamesemaje. Hivyo ndivyo ilivyokuwa misikiti mikubwa ya Kairouan na Fez tangu zamani, ambamo darsa zilikaliwa kando ya nguzo na kadhi akahukumu humo humo.

Ama kilima cha boma, ardhi yake ilitolewa kwa Waislamu katika utawala wa Idi Amin, baada ya kuundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda mwaka 1972. Ujenzi ulianza, ukasimama, na kwa miaka mingi gofu likabaki juu ya mji. Libya iliufufua katika miaka ya mwanzo ya 2000, na Muammar Gaddafi alikuja mwenyewe kuufungua mwezi wa Machi 2008. Ulikuwa ukiitwa kwa jina lake, na baada ya kuuawa kwake mwaka 2011 ukaja kuitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Kuba zake zina rangi ya shaba, na ndani maelfu husali bila ya kubanana. Jengo la ukumbusho wa ngome ya Lugard halikubomolewa likatupwa. Lilisogezwa hatua chache, nalo lipo hapo kandoni, dogo chini ya mnara.

Mnara huo una ngazi zaidi ya 300, na sisi tuliokwisha kupita miaka hamsini tulipumzika zaidi ya mara moja katika kuzipanda. Juu yake vilima vyote vya Kampala huonekana kwa zamu: Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga na la Wakatoliki, Mengo ya Kabaka, na upande wa kusini mashariki Kibuli, weupe wa msikiti ukiwaka jua, na nyuma yake, siku isiyo na ukungu, maji ya ziwa hili hili tunalolitawadhia sisi wa Mwanza.